Mwaka Tuliogombania Miguu ya Mama Loise

Perisi tulimzika Alhamisi, na hata akiwa ndani ya jeneza alinishinda. Nilikuwa nimekaa safu ya pili chini ya hema, pale walipotupanga sisi wazee, nimevaa viatu vyangu vya wazi vinavyoonyesha vidole vyote, na mjukuu wake alipofungua karatasi kusoma habari za maisha ya nyanya yake, nililijua neno kabla hajalitamka. Nyanya alikuwa mnyenyekevu. Hema zima likaitikia Amina. Akasimama mchungaji: marehemu alikuwa mnyenyekevu. Akasimama kiongozi wa akina mama, akasema kwamba alipokuja kanisani akiwa bibi harusi mgeni asiyejua mtu, ni Perisi aliyemwosha miguu. Akasimama jirani: hata mimi aliniosha. Na mimi, mwanamke mzima niliyeshavuka sabini, mjane, niliyemlilia Perisi wiki nzima mpaka macho yakavimba, nikasikia kile kitu cha zamani kikiamka. Roho iliniuma. Nilikuwa namwonea wivu maiti.

Wivu naujua vizuri, sitajisingizia utakatifu. Nimewaonea watu wivu kwa waume zao, kwa ngozi zao, kwa watoto waliofaulu mitihani, na mara moja kwa seti ya sufuria. Wivu wa namna hiyo huja, hukutafuna, huondoka. Lakini ule wa mwaka niliokaa chumba kimoja na Perisi ulikuwa wa aina yake, na sijawahi kukutana na mtu mwingine aliyekiri kuwa nao. Nilimwonea Perisi wivu kwa unyenyekevu wake. Nilitaka niwe mnyenyekevu kuliko yeye, na nilitaka kila mtu aone.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, napiga taipu katika ofisi moja ya Government Road, Nairobi, ghorofa ya tatu, mahali ambapo ukifungua dirisha mchana unapata harufu ya mahamri na sambusa kutoka duka la Mswahili mmoja wa Lamu aliyekuwa chini yetu. Perisi alikuwa akipokea wageni katika jengo la pili. Tulijuana kanisani, tukakuta sote tunatafuta pa kukaa, tukapanga chumba Uthiru, nje kidogo ya jiji, nyuma ya nyumba ya mwenye ploti. Kilikuwa chumba cha mawe chenye bati juu, vitanda viwili, pazia la maua katikati, stovu ya mafuta ya taa kwenye kona, na meza moja iliyokuwa ya kulia, ya kupigia pasi na ya kusomea Biblia. Kioo kilikuwa kimoja. Perisi ndiye aliyekitundika, na kwa kuwa alikuwa mrefu, mimi nilijiona kuanzia nyusi kwenda juu. Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nikarudi kutoka kazini nikakuta kioo kimeshushwa, kiko sawasawa na uso wangu, na asubuhi iliyofuata Perisi alichana nywele amepiga magoti, akiimba, hana habari. Nilitamani angalau angenung'unika.

Ndivyo alivyokuwa. Alikuwa mzuri, alikuwa na sauti, kwao kulikuwa na ng'ombe wa maziwa, alijua Kiingereza cha puani, na viatu alikuwa navyo jozi nne. Mungu alimjalia hayo yote, halafu, kana kwamba hayajatosha, akamwongezea na unyenyekevu. Mtu wa namna hiyo utamsema kwa lipi? Ukimkuta dukani anampisha mtu mwingine mbele. Ukimpa shikamoo ya utani anakuitikia kwa heshima. Na miguu yake! Niseme ukweli, hiyo ndiyo iliyonikera kuliko yote. Ilikuwa miembamba, laini, kucha zimepangika vizuri. Jioni aliivua viatu akainyoosha kitandani bila kufikiri. Mimi vidole vyangu vitatu vya mguu wa kushoto havina kucha na vimejikunja; funza walivila nikiwa mdogo. Nairobi hakuna aliyevijua. Nilivaa viatu vya kufunika, jua au mvua. Nililala na soksi. Nilioga bafuni nje na raba miguuni, na kama Perisi alishangaa, hakuuliza.

Sisi tulikuwa watu wa Sabato, na ni lazima nieleze jambo moja la kwetu, la sivyo hadithi hii haitaeleweka. Kila robo ya mwaka tulikuwa na Meza ya Bwana, mkate na maji ya zabibu, lakini kabla hujaikaribia Meza, mnaoshana miguu, kama Bwana alivyowafanyia wanafunzi wake. Wanaume huenda upande wao, wanawake upande wao. Kila mmoja anachagua mwenzake, anapiga magoti mbele yake na beseni na taulo, anamwosha, kisha anabadilishana naye na kuoshwa. Tuliiita ibada ya unyenyekevu. Kama una neno na mtu, huyo ndiye unayepaswa kumtafuta siku hiyo. Hayo ndiyo mafundisho. Yanayotendeka ni mengine. Watu walisugua miguu nyumbani Ijumaa mpaka ikang'aa, ili wakaoshwe wakiwa safi. Marafiki waliwekeana nafasi tangu wiki iliyotangulia. Mimi nilikuwa na mwenzangu wa kudumu, Mama Rebeka, mama mpole sana. Watu waliusifu upendo wetu. Mama Rebeka alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, asingeweza kuona kidole changu hata ungekiwekea taa.

Ijumaa moja, kiasi cha miezi miwili kabla ya Meza, nilipita kanisani kutoka kazini kuzipiga pasi zile taulo, kwa sababu kazi za kanisa nilizipenda na nilipenda nikutwe nikizifanya. Chumba cha taulo kilitenganishwa na chumba cha wazee wa kanisa kwa mbao tu. Wakaingia, wakaomba, wakaanza kuzungumza juu ya shemasi mpya wa kike, maana aliyekuwepo alikuwa anahamia Nakuru. Pasi ikasimama mkononi. Shemasi ndiye anayekanda ule mkate, ndiye anayefunua kitambaa cheupe siku ya Meza, na mimi nilikuwa nimeshajiona nikikifunua, polepole, kwa vidole viwili. "Huyu Damari," nikasikia jina langu katika sauti ya Mzee Yafethi, mkubwa wao, "ni mchapa kazi. Hapo hakuna mtu atabisha." Nikafurahi. "Shida yake ni moja. Anajua ya kuwa yeye ni mchapa kazi." Wakacheka, si kwa ubaya, na kicheko kile kilinichoma kuliko matusi. Mwingine akauliza, "Na yule wanakaa naye?" "Perisi? Perisi ni mnyenyekevu. Huyo hata ukimpa cheo hataringa. Lakini tungoje Meza ipite, tuone."

Nilinusa kitu kinaungua, nikainua pasi, nikakuta taulo ina alama ya kahawia. Nilitembea kutoka kanisani mpaka nyumbani nikiwa nalia kwa hasira, na nilipofika Perisi alikuwa amepika, ameoga, ameweka maji yangu ya kuoga kwenye stovu yapate moto. "Pole na kazi," akasema. Nilimchukia kwa ile pole. Kitandani, nyuma ya pazia, niliomba, na ombi langu sijalisahau mpaka leo. Nilimwomba Mungu anifanye mnyenyekevu kabla ya Meza ya Bwana. Nilimpa na muda wa mwisho, kama bosi anavyompa karani.

Basi nikaanza. Kanisani nilihama benchi la mbele nikakaa la mwisho kabisa, karibu na mlango, ambako upepo ulinipa mafua, na nilipokohoa watu waligeuka kuniona nilivyo nyuma. Nilivaa gauni langu lililopauka. Perisi akaliangalia akasema, "Hii nguo imechoka, dada. Niko na kitambaa, nikushonee?" Nikakataa kwa upole mkubwa. Nilifika kufagia kanisa kabla ya mtu yeyote, lakini nikihakikisha sijamaliza mpaka watu waanze kuingia. Na kila mahali nilipogeuka nilimkuta yeye, pasipo jasho, anatenda kile ninachojikamua kukitenda. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, nilijiambia, ingawa sisi tembo hatunywi. Nikangoja sifa zimharibu. Wiki zikapita, hazikumharibu. Au ndivyo nilivyofikiri.

Mapambano makali zaidi yalikuwa mezani. Ijumaa kabla jua halijazama tulipika chakula cha Sabato, na desturi yetu ilikuwa chapati na maharagwe, pamoja na maziwa ya mchaichai, kwa maana majani ya chai tulikatazwa. Stovu ile haikuwa na adabu, chapati moja lazima iungue. Zamani tuliivunja tukacheka, tukampa kuku wa mwenye ploti. Mwaka ule nikaifanya yangu. "Chukua hii nzuri," nilimwambia Perisi, "mimi nipe hiyo imeungua."

"Kwa nini wewe? Nimepika mimi, wacha nile mimi."

"Mimi naipenda hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Hujui tu."

Akanitazama, akacheka, akanyoosha mkono naye aichukue. Nikaivuta. Naye akaivuta. Tulikuwa wasichana wawili wa ofisini, wenye Biblia mezani, tunanyang'anyana chapati nyeusi kama mkaa, huku zile nzuri zinapoa kwenye sahani. Ikakatika. Yeye akabaki na kipande kidogo, mimi kikubwa, na ninakumbuka nilivyopiga hesabu upesi: aliyepata kidogo cha kilichoungua ndiye mnyenyekevu zaidi, au aliyepata kikubwa cha kilichoungua? Nikaamua ni mimi. Nilikula chote, nikasaga makaa kwa meno, namwangalia usoni. Nikikumbuka leo nacheka peke yangu, na kucheka kukiisha natamani mtu wa kunyang'anyana naye.

Sasa Mama Loise. Alikuwa mwanamke mzee aliyeishi peke yake upande wa mtaa wa Satellite, anauza mboga za shambani kwake, mkali, mwenye miguu iliyopasuka visigino mpaka unaweza kuficha punje ya mahindi. Magoti yake hayakukunjika, kwa hiyo yeye aliweza kuoshwa lakini hakuweza kumwosha mtu. Ukimaliza kumwosha, anakushika mkono, anakuombea baraka, basi. Kila robo watu waliulizana, "Leo nani alimwosha Mama Loise?" na aliyetajwa alitazamwa kwa heshima mpaka robo nyingine. Ukifikiria utaona nilichokiona. Nikimwosha Mama Loise, kanisa zima litajua, Mzee Yafethi atajua, na hakuna mtu atakayenivua viatu. Ilikuwa mipango mizuri kiasi kwamba nilimshukuru Mungu kwa kunifunulia.

Sabato ya Meza ikafika. Wanawake tulitumia darasa lililokuwa nyuma ya kanisa. Madawati yamesukumwa ukutani, viti vimepangwa, mabeseni ya bati yamejazwa maji. Mama Loise alikuwa amekaa karibu na dirisha, ameshavua viatu, anangoja. Nikatwaa beseni na taulo, nikatembea kuelekea kwake nimeinamisha kichwa, si haraka, ili nisionekane nakimbilia. Nikapiga magoti. Na nilipoinua macho nikamwona Perisi amepiga magoti upande wa pili, na beseni lake, na mkono wake umeshashika mguu wa kulia. Mimi nikashika wa kushoto.

"Nilikuwa nimefika," nikamwambia kwa sauti ya chini.

"Sote tumefika," akasema Perisi. Lakini hakuachia, na mimi niliyekuwa nimeishi naye nikauona mshipa umesimama shingoni mwake. Ndiyo mara ya kwanza nilijua kwamba naye anaitaka.

Mama Loise akaitazama miguu yake, mmoja huku na mmoja kule, akatutazama sisi. Alikuwa na sauti ya kuita wateja. "Nyinyi wasichana," akasema, na darasa zima likageuka, "miguu yangu si mimbari. Kila robo munakuja kupigania hii miguu. Mimi nilikuwa mgonjwa mwezi mzima, nani alikuja kuniona? Wewe unajua kwangu? Na wewe?" Hakuna kati yetu aliyejua. "Basi achieni. Hata hiyo maji yenyewe ni baridi." Akaivuta miguu yake kutoka mikononi mwetu, mmoja mmoja, akamwita msichana mwingine mwembamba aliyekuwa anasubiri nafasi, akampa.

Sijui kama umewahi kukataliwa wema wako mbele za watu. Masikio yaliniwaka moto. Nikatazama kama nitampata Mama Rebeka. Nikamwona ameshapata mwingine, anacheka naye. Kila mtu alikuwa na mtu. Tulibaki wawili sakafuni, mimi na Perisi. Akafuta mikono, akavuta kiti kilichokuwa wazi, akakiweka mbele yangu. "Basi kaa, dada," akasema. "Nikuoshe mimi."

Habari ya Petro niliijua tangu utoto, yule aliyekataa Bwana asimwoshe miguu. Nilikuwa nikiwasimulia watoto wa Shule ya Sabato, tena kwa kumcheka. Kuosha ningeweza. Ningemwosha Perisi, ningemwosha Mama Loise, ningeosha kanisa zima mpaka maji yaishe, maana anayeosha ndiye anayetazamwa kwa heshima. Lakini kukaa kwenye kile kiti, nivue viatu, nivue soksi, mwenye miguu ile mizuri avishike vidole vyangu mikononi mwake mbele ya wanawake wote! "Mimi nimeshaamua sitashiriki leo," nikasema. "Sijisikii vizuri." Nikainuka, nikatoka na viatu vyangu miguuni.

Nje kulikuwa na benchi kando ya ua. Nilikaa nikisikia watu wanaingia kanisani wawili wawili, kisha wimbo ukaanza, na nikajua mkate uko mezani na mimi niko nje. Sikuwahi kukosa Meza tangu nibatizwe. Nilifikiri, sasa shemasi ni Perisi, na chumba ni cha Perisi, na hata Mungu ni wa Perisi. Ndivyo nilivyofikiri, neno kwa neno. Halafu nikasikia hatua, nikageuka nikamwona anakuja, pekupeku, amebeba lile beseni na maji yake, taulo begani.

"Rudi ndani," nikamwambia.

"Siendi kama huendi."

"Perisi, nenda ukale mkate wako. Wanakungoja. Wanataka kukufanya shemasi, nilisikia mimi mwenyewe. Utafunua kitambaa."

"Siwezi kwenda kwa Meza na wewe uko hapa nje umenuna. Unajua hivyo."

"Naona," nikasema, na nilisema nikitabasamu, "hata hapa nje unataka kunishinda. Hata kukosa mkate unataka ukose kuliko mimi."

Kilichofuata ni kitu ambacho hakuna mtu kati ya wale wote waliokuwa chini ya hema Alhamisi angekiamini. Uso wa Perisi ulibadilika. "Damari, umenichosha!" akapiga kelele. "Umenichosha wewe! Unafikiri ni rahisi? Unafikiri mimi sipendi chapati nzuri? Kila siku nikifungua macho uko hapo, unaniangalia, unapima, hata nikipumua unapima! Ndiyo, nilimtaka Mama Loise! Nilijua wataulizana nani amemwosha! Nikisikia watu wanasema Perisi ni mnyenyekevu natembea polepole ili waseme tena! Sasa umefurahi?" Na akainua beseni akanimwagia maji yote. Sikunyunyiziwa, nilimwagiwa, kutoka magotini kwenda chini. Gauni langu lililopauka likanata miguuni, viatu vikajaa mpaka vikafurika.

Tulitazamana. Perisi akaziba mdomo kwa mkono. Ndani walikuwa wanaimba ubeti wa pili. Nakuambia sikuhisi hasira. Nilihisi mshangao mkubwa, kama mtu aliyeona mwezi ukishuka chini ukamkanyaga. Perisi mnyenyekevu alikuwa na moyo kama wangu. Viatu vilikuwa vinalia maji kila nikitikisika, na soksi zimejaa, na maji yale, Mama Loise hakusema uongo, yalikuwa baridi kweli. Bila kufikiri nikavua. Nilikamua soksi ya kulia, nikakamua ya kushoto, na ndipo nilipoona kwamba mguu wangu uko nje, juani, na vidole vyote vitano, vitatu vyake havina kucha.

Nikaufunika kwa mikono. Perisi alikuwa ameshapiga magoti kwenye matope aliyoyafanya mwenyewe, ana taulo. Akaondoa mikono yangu, mmoja kisha mwingine, akaanza kukausha, katikati ya vidole, taratibu. Hakushtuka.

"Umeona?" nikamwuliza, nikilia sasa.

"Nimeviona zamani," akasema. "Wiki ya kwanza. Ulilala, soksi ikatoka. Nikakurudishia."

Mwaka ule wote nilikuwa nampima. Nilipima nani amekaa nyuma, nani amekula kilichoungua, nani amefagia kabla ya nani. Na hili moja, alilolifanya nikiwa nimelala, ambalo hakumwambia mtu wala hakuniambia mimi, sikuwa na namna ya kulipima, wala ya kulishinda. Nilimwambia akae kwenye benchi. Maji hayakuwepo, yote yalikuwa kwenye gauni langu, nikakamua pindo, nikaiosha miguu yake kwa maji yaliyotoka humo. Ilikuwa na tope. Sikuona kama ni mizuri au mibaya.

Mlango wa pembeni ukafunguka, Mama Loise akatokeza kichwa, ameegemea fimbo. "Mumemaliza kelele?" akasema. "Mkate bado uko. Munangoja nini, malaika awaite?" Viatu vyangu havikuvalika. Kati ya benchi na Meza kulikuwa na kanisa zima, kutoka mlangoni mpaka mbele, na sakafu ya saruji isiyoficha kitu. Perisi alitangulia hatua moja, akaona nimesita, akarudi akanishika mkono. Nikapita. Nilisikia mabenchi yakinong'ona, nikamwona karani mmoja wa posta akinitazama miguuni kisha akitazama dari. Nilitaka kufa, na sikufa. Nilipofika mbele nilikuwa na njaa ya ule mkate kuliko njaa yoyote niliyowahi kuwa nayo.

Shemasi akachaguliwa mwanamke mwingine, maana Perisi alikwenda mwenyewe kwa Mzee Yafethi akamweleza habari ya beseni, na Mzee alicheka mpaka akatoa kitambaa akafuta macho. Sisi wawili tukapewa kazi ya kupasha maji moto siku ya Meza, tukaifanya mpaka alipoolewa. Kwa Mama Loise tulikwenda Jumanne iliyofuata, tumebeba mafuta ya kumpaka visigino. Akayapokea, akayaweka kando, akatupa kila mmoja ungo wa maharagwe tuyachambue, akatugombeza kwa kuyachambua vibaya. Viatu vya wazi nilinunua mwisho wa mwezi, na soksi za kulalia nikamkatia Mama Loise zikawa vitambaa vya jikoni. Unyenyekevu, sikuupata kama nilivyouomba. Wivu nao haukuondoka; kama mlivyoona, Alhamisi ulikuja mpaka mazikoni. Lakini tangu siku ile ukija nalijua jina lake, na namwambia mtu ninayemwonea, kama nilivyomwambia Perisi kwa miaka yote ile, na alikuwa akinijibu, "Nilete beseni?"

Basi Alhamisi, baada ya mjukuu na mchungaji na jirani, mwelekezi wa ibada akauliza kama kuna rafiki wa zamani mwenye neno. Nikainuka. Nilitaka kuwaambia kwamba nyinyi wote aliwaosha, mimi peke yangu alinimwagia, na kwa hiyo sina wa kumwonea wivu tena hapa. Nikatazama nyuso zile, nikatazama jeneza, nikasema tu kwamba Perisi alinirudishia soksi nikiwa nimelala, na kwamba sikumlipa. Hawakuelewa, wakasema Amina. Nikakaa.

Baada ya mazishi walitupa chakula nyumbani kwake, wali, kabichi, maharagwe na chapati. Sinia lilipofika kwangu lilikuwa limebaki na chapati mbili, moja nzuri na moja iliyoungua upande mmoja. Msichana aliyelishika akaigeuza ile mbaya chini kwa haya. "Chukua hii, nyanya," akasema, "hiyo ingine imeungua." Nikanyoosha mkono nikaichukua iliyoungua. Niliishika kidogo juu ya sinia, nikingoja. Hakuna aliyeigombania.